Kitako cha Kiyoyozi na Haki ya Jirani



Juma hili twaomba idhini ya wasomaji wetu, na hasa akina mama wenye nyumba zao, tusimulie jambo ambalo kwa kulitazama tu laonekana dogo mno: kitako kinachowekewa ile mashine ya nje ya kiyoyozi. Huwa ni bamba la simiti, au la plastiki, au vyuma viwili vilivyopigiliwa ukutani. Hakuna mgeni aingiaye nyumbani akakisifu. Lakini sisi kitako hicho kilitufunza mambo ambayo tulikuwa tukiyasikia misikitini na katika darsa za akina mama tangu utotoni, tukayaitikia kwa vichwa, bila ya kuyaonja.

Twakaa Kisauni, bara ya kaskazini ya Mombasa, katika mtaa ambao nyumba zimekaribiana hata mtu akikaanga samaki, majirani watatu hujua kama ni changu au ni tafi. Nyumba yetu ni ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, aliyoijenga baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Zama zile paa lilikuwa la makuti, na joto lilikuwa na pa kutokea. Kisha makuti yakaondoka, yakaja mabati, nusu ya ua ikajengwa vyumba vya wapangaji, minazi ikakatwa. Kila badiliko lilikuwa na sababu yake nzuri, na kila badiliko lilitupunguzia upepo.

Wazee wa Mji wa Kale, huko ng'ambo ya daraja la Nyali, walijua kupambana na jua bila ya umeme. Walijenga kuta nene za matumbawe na chokaa, na vyumba virefu vilivyo vyembamba kwa kuwa boriti ya mkandaa haivuki chumba kipana. Sisi wa leo tumejenga kuta nyembamba za bloku chini ya mabati, kisha twamwita fundi wa mafriji aje atuokoe. Mashine yenyewe ilianza mbali na kwetu: mwaka 1902 Mmarekani Willis Carrier alichora mtambo wake wa kwanza kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, ambako unyevu wa hewa ulikuwa ukiharibu karatasi. Yeye alitaka kuokoa karatasi. Sisi tulitaka kumwokoa mama.

Haya yalitokea miaka michache iliyopita. Mama yetu alikuwa amepita umri wa miaka sabini, moyo wake ukiwa mdhaifu na miguu ikivimba. Mwezi wa Februari na wa Machi, kaskazi inapolegea na masika haijaingia, joto la Mombasa hupita nyuzi 32 mchana, na usiku haushuki kwa ule unyevu. Pangaboi huzunguka likitupa hewa ya moto kutoka juu. Mama alikuwa akikaa kitandani hata alfajiri, mgongo kwenye mto, akivuta tasbihi na akivuta pumzi, wala hatukujua ni lipi kati ya mawili lililomchosha zaidi. Daktari alipotuambia asilale katika joto, hatukuwa na la kujadili. Kaka yetu aliyeko Oman alituma sehemu, sisi tukapokea mchezo wetu mapema kwa hisani ya wenzetu, na kiyoyozi kikanunuliwa.

Fundi alikuja asubuhi na adhuhuri alikuwa amemaliza. Mashine ya ndani aliipachika juu ya dirisha la chumba cha mama. Ya nje aliiweka katika kichochoro kati ya nyumba yetu na ya jirani, ambacho upana wake ni hatua mbili za mtu mzima. Alilaza bloku mbili juu ya mchanga, akaiketisha mashine juu yake, akaiunga kwa bomba la shaba la mita tatu. Tukamuuliza, "Fundi, hapa si karibu mno na dirisha la watu?" Akajibu, "Msiwe na wasiwasi, mashine za siku hizi hazina kelele." Twakiri kwamba tulilikubali jibu lile upesi, kwa kuwa ndilo tulilolitaka. Bomba fupi ni fedha kidogo, na mama alikuwa akingoja.

Usiku ule mama alilala. Tulikuwa tukiingia kumtazama kwa zamu, tukimsikia akikoroma polepole, tukicheka kimyakimya ukumbini kwa furaha. Hatukufikiri kabisa juu ya upande wa pili wa kichochoro.

Na upande wa pili wa kichochoro kulikuwa na mtu wa eda.

Jirani yetu alifiwa na mumewe wiki tatu kabla ya fundi kuja. Sisi tulikuwa wa kwanza kufika msibani. Tulipika, tuliosha sahani, tulikaa naye siku zote za tanga. Tulijua kwamba ameingia eda, na kila msomaji wetu ajua kwamba Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Baqara, imemwekea mjane miezi minne na siku kumi. Tulijua kwamba katika muda huo usiku wake wote ni ndani ya nyumba ya mumewe. Tulichosahau ni kwamba vyumba vingine vya nyumba ile vina wapangaji, na chumba pekee kilichobaki kuwa chake ni kile ambacho dirisha lake latazama kichochoro, na kitanda chake kimeegemea ukuta uleule.

Zilipita kama wiki mbili. Mama, kwa kuwa sasa alikuwa akilala, alipata nguvu. Alasiri moja alivaa buibui lake, akamshika mjukuu mkono, akasema aenda kumjulia hali mwenye eda. Alirudi kabla ya maghribi. Hakuingia ndani. Alikaa barazani, akasema, "Zimeni ile mashine."

Tukamuuliza, "Mama, imeharibika?"

"Haikuharibika. Sisi ndio tulioharibikiwa. Nimekaa na mwenzangu kitandani kwake. Ukuta wake wanguruma kama tumbo la feri ya Likoni. Dirisha amelifunga kwa kanga mbili, kwa sababu upepo uingiao ni wa moto. Nikamuuliza, tangu lini? Akaniambia, si neno mama, wewe u mgonjwa."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nipate baridi kwa joto la mjane? Sitaki."

Tulikwenda usiku uleule baada ya isha. Jirani yetu alitupokea kama alivyokuwa akitupokea siku zote, akatafuta cha kutupa, na jambo hilo lilituumiza kuliko lawama. Tulipomwomba radhi alisema, "Dada zangu, chumba hiki siwezi kukihama, na aliyenikalisha hapa ni Mola wangu, si nyinyi. Nilijua mwamfanyia mama. Nikasema nitastahimili." Tukaweka viganja ukutani. Mama hakuwa ametia chumvi. Mtetemo ule ulipanda kutoka kwenye bloku, ukapita ardhini na kwenye msingi, ukaingia kwenye ukuta, na kutoka ukutani ukaingia kitandani mwa mtu ambaye usiku tayari ulikuwa mrefu kwake.

Hapo ndipo tulipofahamu kosa letu la kwanza. Tulikuwa tumekihesabu kimya cha jirani kuwa ni idhini. Mtu mwema hunyamaza kwa haya, au kwa huruma, au kwa kuwa ana msiba mkubwa zaidi wa kuushughulikia. Ni juu ya mwenye kufanya jambo kuuliza. Si juu ya mwenye kudhurika kulalamika.

Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alitufunza kwamba asidhuru mtu wala asilipize madhara kwa madhara, na kwamba Jibrili aliendelea kumuusia juu ya jirani hata akadhani kwamba jirani atawekwa miongoni mwa warithi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijria, sawa na 1111 Miladia, ametaja katika Ihyaa, miongoni mwa haki za jirani, kwamba mtu asiinue jengo lake likamzibia mwenzake upepo ila kwa idhini yake. Tuliposomewa jambo hilo katika darsa tulidhani ni la maghorofa na la matajiri. Kumbe sisi, kwa mashine ya kilo thelathini juu ya bloku mbili, hatukumzibia jirani upepo tu, bali tulimpelekea ule wa moto uliotoka chumbani mwetu. Hata sheria ya nchi yetu haikulisahau jambo hili: Kenya ina kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo iliyopita kiasi. Lakini mjane gani atatoka eda yake kwenda kushitaki?

Basi tukajikuta kati ya haki mbili, ya mzazi mgonjwa na ya jirani mwenye eda. Mama alishika neno lake, na mashine ikazimwa. Usiku wa tatu miguu yake ilianza kuvimba tena. Jirani alipopata habari alituma ujumbe kwamba tuiwashe, yeye amesamehe. Mama akarudisha ujumbe kwamba msamaha ameupokea na mashine haitawashwa. Wajumbe walikwenda na kurudi hata wanawake wawili hawa, mmoja hawezi kutembea sana na mwingine ametulia eda yake, wakapatana wenyewe: mashine iwashwe baina ya adhuhuri na alasiri tu, wakati jirani anapokaa ukumbini na wageni wake, na mama alale mchana. Usiku uwe wa mwenye eda. Hivyo ndivyo tulivyopata nafasi ya kulitengeneza jambo bila ya pupa.

Tulimtafuta fundi mwingine, mzee wa Changamwe aliyezoea majokofu makubwa ya kuhifadhia samaki. Huyu hakufungua sanduku la vifaa. Alizunguka nyumba mara mbili, kisha akatuuliza: Jua la alasiri lapiga wapi? Maji ya masika husimama wapi? Upepo wa moto utatokea kuelekea kwa nani? Na ardhi hii ni ya nani? Akasema, "Mashine ni ileile kila mahali. Kinachotofautisha ni pale ilipokalia."

Twataka kuyaeleza hapa aliyotufunza, kwani huenda nyumba nyingine yapata faida.

Kwanza tulidhani tuipandishe ukutani kwa vyuma. Vyuma havili nafasi, na mashine huwa juu ya maji na mikono ya watoto. Lakini fundi alitukataza kwa sababu mbili. Vyuma huupeleka mtetemo ndani ya ukuta moja kwa moja, na ukuta wa bloku nyembamba huukuza kama ngoma. Pili, hewa ya pwani ina chumvi. Chuma cha rahisi huliwa na kutu polepole, na siku kikikatika, chini yake huenda kuna mtu anayefua. Mwenye kulazimika kuvitumia na atafute chuma kilichopakwa zinki vizuri na bolti zisizoshika kutu, na avikague kila mwaka.

Bloku mbili juu ya mchanga, kama alivyofanya yule wa kwanza, ndiyo njia mbaya kuliko zote. Kila moja huzama kwa kadiri yake. Mashine ikiinama, mtetemo huzidi, na mabomba ya shaba huvutika hata gesi ikavuja. Mchanga haukosi kuhama, hasa kwa ndugu zetu wa Likoni na sisi wa Kisauni ambao ardhi yetu ni mchanga juu ya matumbawe. Changamwe nako, alisema, udongo wake ni mzito wenye asili ya mfinyanzi. Hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, na kitako hupanda na kushuka nao. Kwa hivyo kote bara dawa ni moja: uondoe udongo wa juu, ujaze kokoto, na uzishindilie hata zisichezecheze tena. Kitako kizuri juu ya ardhi iliyolegea ni sawa na mkeka mpya juu ya kitanda kilichovunjika.

Ziko pia bamba za plastiki ngumu zilizotengenezwa kwa kazi hii hasa. Ni nyepesi, haziozi, na mtu mmoja aweza kuziweka. Aibu yake ni wepesi huohuo, kwani huweza kusogea na haziumezi mtetemo kama kitu kizito. Na zile duni hupasuka kwa jua letu. Anayepanga nyumba, na aliye na sehemu tambarare iliyoshindiliwa, zaweza kumfaa.

Bora kuliko vyote kwa uzito na utulivu ni simiti. Na simiti tunayo mlangoni: kiwanda cha Bamburi kilianza kuitoa mwaka 1954, kwa mawe haya haya ya matumbawe tunayoyakanyaga. Lakini hapa fundi akalirudia swali lake la nne. "Ardhi hii ni ya nani?"

Wakazi wengi wa bara ya Mombasa walijua swali hilo kabla ya kuulizwa. Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za huku, ni nyumba bila ya ardhi. Kuta na paa ni zetu kwa urithi. Ardhi ina mwenyewe, na kila mwezi twalipa kodi yake. Kumwaga zege mahali ni kama kutia sahihi juu ya ardhi ya mtu. Leo ni kitako, kesho ni ngazi, keshokutwa watoto wetu waapa kwamba mpaka ulikuwa pale. Na kichochoro kile, tulipokipima kwa haki, nusu yake ilihesabiwa upande wa jirani. Bloku zetu mbili zilikuwa zimevuka nusu kwa shibiri moja. Tulinyamaza sote, kwa kuwa hapana Mwislamu asiyejua lile onyo la Mtume juu ya anayetwaa shibiri ya ardhi kwa dhuluma, kwamba Siku ya Kiyama atavishwa shingoni mfano wake kutoka ardhi saba. Hatukukusudia kutwaa. Lakini shibiri haiulizi nia.

Basi tukaamua hivi. Mashine ihamishwe hadi ua wa nyuma, kwenye kona ya jiko, ambapo upepo wake wa moto watoka kuelekea uwanja wetu wenyewe. Bamba liwe la simiti, lakini limiminwe katika fremu ya mbao na kuhamishika, lisishikane na ardhi wala na ukuta. Kabla ya yote tukaenda kwa mwakilishi wa mwenye ardhi tukamweleza. Alicheka, akasema hajawahi kuombwa ruhusa kwa kitu kidogo namna ile, akatoa.

Gharama ilizidi. Bomba la shaba la mita tatu likawa la mita nane, na bomba likirefuka kupita kipimo cha kiwanda, gesi huongezwa. Fedha tulizoziweka kwa rangi na mapazia ya Idi Kubwa zikaenda zote huko. Twalitaja hili si kwa kujisifu, bali kwa kuwa kosa la mwanzo ndilo lililotugharimu. Lau tungeuliza siku ya kwanza, tungelipa mara moja.

Vijana wa nyumba waliifanya kazi, nasi tukiwasimamia. Walichanganya simiti sehemu moja, mchanga mbili na kokoto nne. Mchanga haukuwa wa ufuoni, kwani chumvi yake hula chuma kilichomo ndani. Fremu ilikuwa na urefu wa sentimita 90, upana 45 na unene 8, ikiizidi miguu ya mashine kila upande, na katikati yake ukalazwa wavu wa chuma. Bamba lilifunikwa kwa magunia, na kwa siku saba wasichana walikuwa wakiyamwagia maji asubuhi na jioni, kwa kuwa simiti inayokaushwa na jua haraka hupasuka. Siku hizo saba mama alizihesabu kwa tasbihi.

Wakati bamba likikomaa, mahali pake palitengenezwa. Tulikumbuka alama ya maji ya masika kwenye ukuta wa jiko. Ilikuwa vidole vinne kutoka chini. Fundi akaamuru safu moja ya bloku zilizolazwa na kubanana juu ya kokoto zilizoshindiliwa, ili bamba lipande juu ya alama ile. Vijana wanne walilibeba, kwani uzito wake ulikaribia kilo 80. Akaliweka pima maji mara kadhaa, huku na huku, akaliacha na mteremko mdogo tu wa kutiririsha mvua kwenda mbali na nyumba. Baina ya bamba na ukuta akaacha nafasi, ili lisigusane na msingi. Na nyuma ya mashine akaacha nafasi ya kuvuta hewa kama kitabu chake kilivyoelekeza. Chini ya kila mguu wa mashine akatia kipande kinene cha mpira, akafunga bolti zisizoshika kutu, wala hakuzikaza hata mpira ukabanwa na kupoteza kazi yake.

Maji yatokayo chumbani hatukuyaacha yadondoke ovyo. Katika unyevu wa Mombasa kiyoyozi hutoa lita kadhaa kwa usiku mmoja, na maji hayo yakisimama karibu na kitako huyala mawe na huzalisha mbu. Tukayaelekeza kwenye ndoo, na kila asubuhi humwagiwa mrehani na miasumini iliyo uani.

Usiku mashine ilipowashwa mahali pake papya, hatukwenda kwanza kwa mama. Tulipiga hodi kwa jirani, tukaingia chumbani mwake, tukaweka viganja ukutani kama siku ile. Ukuta ulikuwa kimya. Akazitoa zile kanga mbili dirishani, akazikunja, akaziweka kabatini. Hakusema kitu, nasi hatukusema. Tuliporudi nyumbani mama alikuwa macho bado. Akauliza, "Asikia?" Tukamwambia, "Hasikii kitu." Ndipo akageukia ukutani akalala.

Masika yaliingia mwezi wa Aprili kwa nguvu. Maji yalijaa uani hata alama ya vidole vinne, na kitako kikakaa juu yake kikavu. Hadi leo hakijainama. Kila miezi michache twaiosha mashine kwa maji baridi kuondoa chumvi, na kila mwaka twaangalia mipira. Miwili imekwisha kubadilishwa.

Jirani yetu alitoka eda mwezi wa Juni. Siku ya pili alikuja kwetu, akiwa amejitia asumini kwa mara ya kwanza tangu msiba, na akakaa na mama chumbani. Kusi ilikuwa ikivuma, madirisha yote yako wazi, na mashine yenyewe ilikuwa imezimwa. Tuliwaletea kahawa, tukawaacha. Tulipopita baadaye tuliwakuta wote wawili wamesinzia, mmoja kitandani na mwingine juu ya mkeka, na pazia likipepea baina yao.

Ndugu zetu, atakaye kununua kiyoyozi, na hasa kwa ajili ya mzazi au mgonjwa, na afanye bila ya kusita, kwani kumpumzisha mzazi ni katika wema mkubwa. Lakini kabla ya fundi kufungua sanduku lake, naye na aende upande wa pili wa ukuta. Apige hodi. Aulize ni nani alalaye pale, dirisha lafunguka wapi, na mtoto au mgonjwa yuko chumba kipi. Kisha aulize ardhi ni ya nani, na maji hupita wapi. Maswali haya hayana bei, na majibu yake ndiyo msingi wa kweli. Simiti huja baadaye.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape afya wazee wetu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuwa majirani ambao watu hulala kwa amani karibu nao.

Wabillahi tawfiq.